Nati Ikilia, Usiiamini

Nyinyi vijana mnaofungua breki nyumbani huku simu imeegemezwa kwenye jeki, hii nawaandikia nyinyi. Mimi shule niliichungulia tu. Darasa la tatu nikatoka. Lakini umri wangu wote pale Kasese nimelala chini ya magari ya watu, na kama nimestaafu ni kwa sababu mgongo umekataa, si kwa sababu akili imeisha. Kwa hiyo nisikilizeni. Asiyetaka kusikiliza, basi aangalie magurudumu yake anapoteremka kutoka Kyarumba na mzigo.

Tuanze na neno moja. Watu wa shule wanasema stadi ni mtu hodari. Sisi wa gareji, stadi ni kile chuma chenye meno kinachochomoza kwenye hab, kile kitovu kinachozungusha gurudumu; gurudumu linavikwa juu yake, halafu nati inakuja kulibana. Gari ndogo nyingi zinazo tano kila gurudumu, nyingine nne. Hizo ndizo zinazokubeba wewe, mke wako na mzigo wako. Kila mtu anakuja ananiambia breki, breki, breki. Breki inashika gurudumu. Gurudumu likiondoka, breki itashika nini? Hewa?

Neno la pili ndilo lililonifanya nichukue kalamu: kulia. Huku kwetu, tangu Hima mpaka mpakani Mpondwe, fundi hasemi nati imekaza. Anasema imelia. Unaivuta kwa spana, inatoa ule mlio, kwiii, unafuta mikono, unamwita mwenye gari. "Imelia!" Mwenye gari anafurahi kama mtu aliyeambiwa mke wake amejifungua salama. Nimelitumia neno hilo tangu ujana, na limenidanganya vibaya mara mbili. Mara ya pili ni juzi tu, na mvi hizi kichwani.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, Bwera. Binti yangu Biira ameolewa huko na Sadiki, kijana mchapakazi anayechukua samaki Kahendero na kupeleka mpakani. Ana stesheni wagoni kuukuu inayonuka samaki hata ikioshwa kwa sabuni ya unga. Nilikuwa nimekwenda kuwachukua. Kesho yake walikuwa waje nami Kasese, wao na mtoto wao Amina wa miezi minne, aonwe na bibi yake ambaye miguu haimruhusu tena kusafiri. Mke wangu alikuwa ameshaanza kupika kabla sijatoka nyumbani.

Naingia uani, nakuta gari iko juu ya jeki, magurudumu ya mbele yamelala chini, kuku wanakanyaga pedi mpya za breki, na simu inaongea Kizungu peke yake.

"Baba, karibu!" Sadiki akainuka, mikono myeusi mpaka kwenye viwiko. "Naweka breki kubwa. Hizi za zamani zilikuwa zinachemka nikiteremka na samaki."

Hapo hakukosea. Breki ndogo na mzigo mkubwa kwenye milima hii ni ugomvi. Alikuwa amepata diski na kalipa, ile koleo inayobana diski, vyote vya mtumba, vya gari kubwa kidogo la ukoo uleule. Mipira ya mafuta ya breki ilifika bila kujinyonga, hewa aliitoa vizuri, kanyagio lilikuwa gumu. Nikaanza hata kumsifu moyoni. Halafu nikaona kipande cha alumini cha duara, unene wa kidole changu kidogo, kimekaa juu ya diski.

"Hiyo ni nini?"

"Spesa, Baba. Kalipa kubwa ilikuwa inagusa rimu. Nimesukuma gurudumu nje kidogo."

Gurudumu umelisukuma nje. Je, stadi umezisukuma nje? Hicho ndicho nilichotaka kupiga kelele. Gareji yangu yote ya zamani wanajua kelele yangu; kuna madereva walikuwa wanaisikia wakiwa stendi. Lakini kwetu mkwe hafokewi. Mkwe unampa kiti, unamuuliza habari za kwao, na akikosea unapitisha maneno kwa binti yako. Nikakaa kwenye kiti nilicholetewa. Nikanywa chai. Nikamwangalia anavika gurudumu na kufunga nati tano, na ya mwisho ikalia kwiii.

"Imelia!" akasema.

"Biira," nikasema, "mwambie mume wako nataka kuona nati moja ikifunguliwa."

Biira alikuwa anamnyonyesha mtoto mlangoni. "Baba, si yuko hapo mbele yako?"

"Mwambie."

Akashusha pumzi. "Baba Amina, umesikia."

"Nimesikia. Mwambie Baba imelia."

"Mwambie nimeisikia ikilia. Aifungue, ahesabu mizunguko kwa sauti."

Sadiki akailegeza kwa spana, kisha akaizungusha kwa vidole. "Moja. Mbili. Tatu." Nati ikamdondokea mkononi. Tatu na robo, nikiwa na huruma.

Sasa hebu niwaambie kuhusu kuhesabu. Aliyenifundisha kazi aliitwa Afande Kule. Alikuwa fundi wa malori jeshini kabla ya kuja Kasese, na hakujua kuongea bila kuamrisha. Hata chai aliiamrisha. "Fungua! Funga! Hesabu!" Kwake nati haikufungwa kimyakimya. Ukiivika, unahesabu kwa mdomo mpaka iguse rimu. Stadi ya milimita kumi na mbili yenye meno ya kawaida, alitaka mizunguko minane. Saba alikutazama. Sita alikutukana. Sababu yake hakuwahi kunieleza. Nilikuja kuijua mwenyewe: nati inapaswa kuuma stadi kwa kina kinacholingana na unene wa stadi. Ikiuma kidogo, meno machache yanabeba kazi ya meno yote, na siku ya breki kali yanakatika kama mahindi kwenye gunzi.

Mimi nilimwona ni mzee msumbufu. Siku moja nilifunga gurudumu la pikapu ya mchuuzi wa samaki peke yangu. Nati moja ilipotea, nikachukua nyingine kwenye kopo. Ikaingia kwa shida, nikaivuta kwa nguvu, ikalia. Nikapenda mlio wake, nikachukua nyingine mbili za aina hiyohiyo kubadilishia zilizokuwa na kutu. Zote zililia vizuri sana. Kumbe kopo lile lilikuwa la nati za meno membamba, na stadi zilikuwa za meno manene. Hazikuwa zinakaza, zilikuwa zinatafuna. Tukaenda kuijaribu gari mpaka Kasenyi, mimi na Afande ndani. Tukiwa tunateremka kwenda ziwani, gurudumu likatupita. Nasema likatupita, kwa heshima kabisa, upande wa kulia, likaenda zake mpaka kwenye maji, na wavuvi wakasimama mbali nalo kama vile ni kiboko.

Afande hakunipiga. Alishuka, akatazama ile hab iliyokuwa inalima barabara, akasema: "Beba." Nikalibeba kichwani kutoka majini mpaka kwenye gari, maji yananitiririka shingoni, naye nyuma yangu: "Hesabu hatua! Sauti!" Wauza samaki wote wa Kasenyi wakanisaidia kuhesabu. Ndiyo shule niliyosoma mimi.

Basi niko Bwera, na mkwe wangu ana mizunguko mitatu, na kesho Amina anapanda hiyo gari.

"Biira, mwambie hiyo gari kesho haiendi."

Sadiki akasimama. Kijana ana adabu lakini ana moyo pia. "Mama Amina, mwambie Baba kwenye video pia waliweka spesa."

"Mwambie hao wa video walibadilisha stadi pia, ila yeye alikuwa anafukuza kuku."

Biira akamhamishia mtoto bega la pili. "Mimi sasa nasema kwa mdomo wangu mwenyewe. Kama nyinyi wawili hamuelewani, kesho napanda boda na mwanangu, nyinyi mtatukuta Kasese."

Boda, na mtoto wa miezi minne, kwenye barabara ile ya malori. Sadiki akafuta mikono, mimi nikainuka. Tukaenda Mpondwe kutafuta stadi ndefu.

Pale mpakani kuna mama mmoja Mkongomani, Mama Kavira, anauza bolti na nati kwenye meza yenye masanduku madogo madogo. Hana kipimo chochote. Kipimo ni kidole gumba. Nilimpa stadi ya zamani ya Sadiki. Akaishika shingo. Hilo mlishike na nyinyi: stadi ina sehemu mbili za kutazama. Kuna meno ya nati, na kuna mistari ya shingo inayouma tundu la hab. Shingo ikiwa nyembamba, stadi itazunguka ndani ya hab siku unataka kufungua nati, na utalia wewe. Ikiwa nene, utapasua hab. Urefu unakuja mwisho kabisa.

Akanitolea za aina mbili, shingo sawa, meno sawa. Moja ilizidi ya zamani kwa unene wa spesa na kidogo juu. Nyingine ilikuwa ndefu kabisa, karibu mara mbili ya hiyo nyongeza.

"Papa, hii ya mufupi njo itakutosha," akasema.

"Nipe ndefu. Urefu hauna hasara."

"Iko murefu sana, Papa. Ile ekru ya gari yenu iko na kofia, ao iko wazi mbele?"

Ekru ni nati, ndivyo wanavyoita ng'ambo. Nami nikamjibu kama mzee mpumbavu: "Mama, mimi nilianza kufunga nati wewe ukiwa mgongoni mwa mama yako."

Akanitazama. Akafunga zile ndefu kumi ndani ya kaveera, ule mfuko wa nailoni. "Aya. Basi wende nayo, Papa."

Kuzibadilisha kulitula mchana mzima, na hapa niwape kazi yenyewe, maana mnapenda kuruka hapa. Stadi ya zamani haipigwi nyundo hab ikiwa imekaa garini. Kila pigo linakwenda kwenye beringi, na beringi haisahau. Wiki mbili baadaye inaanza kuimba. Tulitoa hab, tukaipeleka kwa jirani mwenye vaisi kubwa ya kubana vyuma, tukazisukuma stadi nje polepole. Kuziingiza mpya, kama huna mashine ya kusukuma, unazivuta kwa nati: chukua nati kuukuu usiyoipenda, washa nne au tano nene, vile visahani vya chuma vyenye tundu, grisi katikati ya washa, si kwenye meno ya stadi, halafu spana ya mkono. Ya mkono, narudia. Ile bunduki ya upepo inavuta haraka mpaka meno yanalegea, nawe hujui. Vuta, pumzika, geuza hab, tazama nyuma. Kichwa cha stadi kikikaa bapa kwenye hab, pasipite hata unywele, imefika. Usisikilize. Tazama. Na kabla ya kurudisha diski, zungusha hab kwa mkono uone hakuna kichwa kinachokwaruza kitu nyuma.

Sadiki alivuta zote kumi mwenyewe. Ya tatu iliingia kishingoupande, akaitoa bila kuambiwa. Niliona. Akasafisha kutu kwenye uso wa hab mpaka chuma kikang'aa, spesa ikakaa kwenye kitovu bila kucheza. Akavika gurudumu la kushoto. Akachukua nati zake, zile za kufunikwa mbele, zinazong'aa, ambazo anazipenda kuliko gari.

"Hesabu," nikasema, na nikasahau kupitia kwa Biira.

"Moja. Mbili. Tatu." Akaendelea. "Saba. Nane. Tisa. Kumi."

Kumi! Nikakaa vizuri kwenye kiti. Akazifunga kwa kuvukavuka, kama nyota, si kwa kufuatana, na zote tano zikalia kwiii, kwiii. Sauti tamu. Nikafumba macho kabisa kuisikiliza, mimi mtu mzima.

"Imelia," nikasema. "Hiyo hata tembo haitoi. Shusha jeki."

Hakushusha. Akachuchumaa mbele ya gurudumu, mkono mmoja juu, mkono mmoja chini, akalitikisa. Ko. Akalitikisa tena. Ko, ko.

Akageuka taratibu, lakini hakunitazama mimi. "Mama Amina," akasema, "mwambie Baba gurudumu linacheza."

Biira akanitazama. Hakurudia maneno. Hakuwa na haja.

Nikainuka nikaenda kulitikisa mwenyewe. Ko. Nati zote tano ngumu kama mwamba, na rimu inacheza nyuma yake. Nilisimama pale nikiwa na aibu kama ya mtu aliyekutwa amevaa shati ndani nje kanisani. Ile stadi ndefu niliyoichagua mimi, kwa mdomo wangu mkubwa, ilikuwa imefika mwisho wa nati na kugota kwenye paa la kofia yake. Spana inasikia ugumu, nati inalia, wewe unafurahi, na rimu haijabanwa na mtu yeyote. Mizunguko kumi ya bure. Tungeshusha ile jeki, tungekwenda, na gurudumu lingekuwa linagongagonga stadi njia nzima mpaka zikatike moja moja, Amina akiwa amelala nyuma.

Najua mnangoja niseme kwamba nilimpongeza mkwe wangu papo hapo. Sikumpongeza. Nilisema, "Hizi nati zako za urembo!" Kisha nikaona uso wa Biira, nikasema tena, polepole zaidi: "Mwambie mume wako ameona vizuri. Mwambie mimi sikuona."

"Amesikia, Baba," Biira akasema.

Kwa hiyo shikeni hili. Kabla ya kufunga, ingiza njiti ndani ya nati yenye kofia, weka alama kwa kucha, ujue kina chake. Kisha pima stadi imechomoza kiasi gani kwenye rimu. Stadi ikizidi kina cha nati, hiyo nati haifai, hata iimbe. Tafuta nati iliyo wazi mbele, mdomo wake ukae sawasawa kwenye tundu la rimu yako, au rudi kwenye stadi fupi. Na ukimaliza kufunga, tikisa. Kila gurudumu. Tikisa juu na chini, kushoto na kulia. Ni kazi ya dakika moja, na mimi kiburi kilinizuia kuifanya.

Nilirudi Mpondwe mwenyewe kwa boda. Sadiki alitaka kwenda, nikakataa. Lile lilikuwa kosa langu, na safari ni yangu. Mama Kavira aliniona tangu mbali, akaanza kuchagua nati kabla sijafika.

"Ya wazi mbele, Papa?"

"Ya wazi."

"Kumi?"

"Kumi, Mama."

"Mama yangu anakusalimia," akasema. "Ule alikuwa ananibeba mugongoni."

Wenzake wa meza za jirani walicheka mpaka mmoja akaangusha sanduku. Nilistahili. Nilichukua nati zangu nikaondoka.

Jioni ile, jua likiwa bado juu ya vilima vya Congo, Sadiki alifunga magurudumu yote mawili. Nati ziliumana na stadi zaidi ya mizunguko kumi, ncha za stadi zikatokeza mbele, si nzuri kwa macho, na gurudumu halikutoa ko hata moja. Alitikisa yeye, nikatikisa mimi, akatikisa Biira kwa mkono mmoja, mtoto mkono wa pili. Akaijaribu gari barabarani peke yake, polepole, kisha kwa breki kali, akarudi anatabasamu.

Asubuhi ya Jumapili tuliondoka. Kabla ya Kikorongo Sadiki akasimamisha gari kando ya barabara bila mtu kumwambia, akatoa spana. Chuma kipya kinakaa kikishatembea. Nati lazima zikaguliwe tena baada ya mwendo kama ule, na hapo wengi wenu mnasema tutaangalia tukifika. Mbili za upande wa kushoto zilikubali kusogea kidogo, kama robo ya robo. Nyingine hazikusogea. Akanipa spana.

"Baba, hakikisha."

Niliishika. Spana nzuri, nzito. Nikamrudishia.

"Gari ni yako, Sadiki," nikasema. "Umeshahakikisha."

Ilikuwa mara ya kwanza namwita kwa jina lake, tena uso kwa uso. Aliiweka spana chini ya kiti, akasimama kidogo akiwa hana la kufanya kwa mikono yake.

Biira alikuwa mbele. Mimi nilikaa nyuma, upande wa kushoto, Amina mapajani mwangu, pua yake kwenye shati langu, harufu ya samaki kila mahali. Barabara pale imenyooka, inakata mbugani. Nilikusudia kusikiliza gurudumu lile njia nzima mpaka Kasese. Wananiambia hata mbuga haijaisha nilikuwa nakoroma, na kwamba mtoto ndiye aliyebaki macho.